Lakiri Kwenye Nywele

Kapteni Maddock aligonga lango mara tatu kwa kitako cha mkuki, akapaza sauti ili nyumba nzima imsikie. Saa sita mchana, kengele ya kanisa ikilia, muuaji atolewe nje. Asipotolewa, hautaingia mkate humo ndani, wala maji, wala kuni, na Wahispania wote arobaini watatafunana wenyewe kwa wenyewe.

"Ana ulimi mchafu huyo," alisema Don Fadrique, Lodi wa Valdehierro, balozi wa Mfalme wa Hispania mjini London. "Umemsikia, Hakimu?"

"Nimemsikia, Mtukufu."

"Basi mtolee Ambrose, yule bawabu, sisi tule chakula."

Hakimu Beltrán Oyarzún aliendelea kutazama nje. Alikuwa amesimama karibu na dirisha lililopigiliwa mbao, akichungulia kwenye ufa. Chini, barabara ya Barbican ilikuwa nyeusi kwa askari, na nyuma ya askari kulikuwa na watu waliokuja kutazama tu, wengine na watoto mabegani. Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, mwezi wa Januari mwaka 1612, na tangu Jumanne hakuna mtu aliyekuwa ameingia wala kutoka.

Jumanne hiyo, baada ya chakula cha mchana, Toribio Quirós, karani wa barua za siri, alikutwa ameanguka juu ya meza yake akiwa amechomwa kisu ubavuni. Wanawake wa kufua walitoka mbio barabarani wakipiga mayowe kabla lango halijafungwa. Saa moja baadaye askari walikuwa wameizunguka nyumba. Damu imemwagwa katika mji wa Mfalme wetu, walisema Waingereza, na nyumba haifunguki mpaka aliyeimwaga aje mikononi mwetu.

"Kisu cha bawabu ni kipana kama vidole vitatu, Mtukufu," alisema Oyarzún. "Kidonda cha Quirós hakifiki upana wa kidole cha mwisho. Hakikutokana na kisu kile."

"Kisu kilikutwa chumbani kwake kina damu."

"Damu hupakwa."

Don Fadrique alicheka kwa pua. Mguu wake wa kulia ulikuwa juu ya mto kwa sababu ya maumivu ya jongo, na kofia yake nyeusi yenye unyoya ilikuwa kichwani. Alikuwa mmoja wa wale malodi wachache wanaoruhusiwa kubaki na kofia mbele ya Mfalme mwenyewe, na hakuwahi kumwacha mtu asahau. Tangu Jumanne hakuivua hata mezani. Alisema ni baridi.

"Waingereza hawapimi vidonda," alisema. "Wanataka shingo ya kutia kitanzi. Ambrose ni Mwingereza wao, tena ni Mkatoliki, kwa hiyo watafurahi mara mbili. Mimi nina mambo ya falme mbili hapa mkononi, Hakimu. Siwezi kuyaacha yaharibike kwa ajili ya mtu wa kufungua mlango."

"Watampasua tumbo angali hai."

"Sheria zao hizo, si zangu. Nimekuachia nyumba yangu siku mbili. Umepekua kila chumba, hata kitanda changu nimekuruhusu ukipindue. Umepata nini?"

"Vumbi, Mtukufu."

"Basi, una mpaka saa sita utafute vumbi jingine."

Oyarzún aliinama, akatoka. Alikuwa ametumwa kutoka Valladolid wiki tatu nyuma kuchunguza ni nani anayefungua barua za ubalozi njiani, na alikuwa ameshafunga mizigo ya kurudi kwao. Sasa alikuwa amenaswa pamoja na wengine, akinywa maji ya pipa lililokaribia kukauka, na katika stoo ya makaa chini ya miguu yake alikuwa amefungiwa mtu ambaye angekufa kifo kibaya kwa kosa la kuwa karibu.

*

Msimamizi wa nyumba, Don Bermudo Salcedo, aliingia katika chumba cha barua akihema. Alikuwa mtu mnene mwenye kipara, na njaa ya siku mbili ilikuwa imemtia hasira kuliko kifo chenyewe.

"Kama unataka kuniuliza tena kuhusu funguo, nimeshasema."

"Sikuulizi funguo. Nakuuliza ugomvi."

Don Bermudo akavuta mkanda wake juu.

"Wiki iliyopita," Oyarzún aliendelea, "ulitishia kumtia Quirós makofi mbele ya wapishi. Na hapo mkandani una kisu chembamba cha Toledo. Nimeambiwa, nimeona. Sasa niambie wewe."

"Ala! Kila mwenye jina humu ana kisu kama hiki. Balozi anacho, wewe mwenyewe unacho!" Alijifuta jasho ingawa chumba kilikuwa baridi kama kisima. "Na ugomvi wenyewe, unajua ulikuwa wa nini? Kofia. Nilipita hapa, yeye amekaa na kofia yake ya miaka kumi, hata kuigusa hakuigusa. Nikamwambia, ewe, unamwona nani? Akaniambia babu zake waliwafukuza Waarabu kule Asturias wakati babu zangu wakiuza vitunguu. Mbele ya wapishi, Hakimu! Mtu ambaye soksi zake anazishona mwenyewe!"

"Kwa hiyo hakukuvulia kofia."

"Kunivulia mimi? Huyo? Asingenivulia hata kama ningekuja na malaika wawili."

Oyarzún alitazama meza. Hakuna kitu alichokiruhusu kisogezwe tangu Jumanne. Kidau cha wino, chungu cha mchanga wa kukaushia maandishi, damu iliyokauka pembeni, na katikati ya meza kofia ya Quirós, imewekwa vizuri, ukingo chini. Hakuidondosha alipoanguka. Aliivua akaiweka.

"Katika chumba hiki kisicho na moto," Oyarzún alisema polepole, "mtu asiyemvulia kofia msimamizi wa nyumba amevua kofia. Alimvulia nani?"

Hesabu ilikuwa fupi. Katika nyumba ile walikuwa wawili tu ambao karani mwenye kiburi kile angewavulia kofia: padri akiwa amebeba Sakramenti, na balozi.

"Mimi sikusema neno," alisema Don Bermudo. "Andika kwamba sikusema neno."

"Tutaandika vyote. Simama."

Oyarzún alitoa kwenye mkoba wake hati ya Mfalme, ile iliyompa mamlaka ya kuuliza na kuandika, iliyokunjwa mara nne na muhuri wa lakiri, nta nyekundu ya kufungia barua, ukining'inia upande. Kila mtu wa heshima alipotoa maelezo rasmi ilibidi kwanza aipokee, na Don Bermudo alijua jinsi ya kuipokea. Alivua kofia, akaiweka kando. Akashika hati kwa mikono miwili, akaibusu, akainua mikono yote na kuiweka juu ya kipara chake, macho chini.

"Naitii kama barua ya Mfalme wangu na bwana wangu wa asili," alisema harakaharaka, kama mtu anayesali kabla ya kula.

Alipoirudisha, vipande vidogo vyekundu vilibaki juu ya kipara kama makombo. Lakiri ilikuwa imezeeka na kupasuka safarini.

Oyarzún alisimama akimkodolea macho.

"Nini?" aliuliza Don Bermudo. "Nina nini kichwani?"

"Usijifute," alisema Oyarzún. "Kaa hapo hapo. Usitoke, usizungumze na mtu."

"Na maelezo yangu?"

"Umeshayatoa."

*

Quirós alilazwa katika kanisa dogo la nyumba, kwenye ubao mbele ya altare, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kumpeleka makaburini. Padri Crispín, kasisi wa nyumba, mzee mwembamba aliyekuwa ameshakata tamaa na viatu vyake vilivyotoboka, alikuwa amepiga magoti kando yake.

"Padri, Jumanne mchana ulipita na Sakramenti karibu na chumba cha barua?"

"Nipite niende kwa nani? Hakukuwa na mgonjwa."

"Nisaidie kumgeuza."

Jumanne Oyarzún alikuwa ameona madoa mekundu kwenye nywele za marehemu, akadhani ni damu kutoka mikono ya waliombeba. Sasa alichukua chembe moja kwa ukucha, akaiweka kwenye kiganja na kuipumulia pumzi ya moto. Damu iliyokauka ingepukutika. Hii ililainika, ikashika kidole.

"Lakiri," alisema.

"Alikuwa karani," alisema Padri Crispín. "Alishinda na lakiri kutwa nzima."

"Mikononi, ndiyo. Utosini?"

Kisha akauinua mkono wa kushoto wa maiti. Mwili ulikuwa umeanza kulegea. Kidonda kilikuwa juu kabisa ubavuni, ndani ya kwapa. Mkono ulipokuwa chini, tundu la koti halikukutana nacho; lilikuwa chini kwa upana wa vidole viwili. Akamwomba padri ainue mkono wa pili pia, na yote miwili ikae juu ya kichwa. Koti likavutika kwenda juu, na tundu likakaa sawasawa juu ya kidonda.

Padri Crispín alifanya ishara ya msalaba. Alikuwa ameona watu wengi wakisimama hivyo.

"Alikuwa anapokea barua ya Mfalme," alinong'ona.

"Ameivulia kofia, ameibusu, ameiweka kichwani. Mikono juu, macho chini. Aliyempa ndiye aliyemchoma." Oyarzún aliishusha mikono ya marehemu na kuikunja kifuani taratibu. Alihisi uchungu mkali juu ya mtu huyu ambaye hakuwa hata amempenda. "Padri, mifuko yote ya barua kutoka Hispania inafika kwa nani kwanza?"

"Unajua inafika kwa nani."

"Nataka nisikie."

"Kwa balozi. Hakuna mwingine anayeigusa." Mzee alitazama mlango. "Lakini hakujaja mfuko wowote. Balozi mwenyewe alisema mezani, wiki tatu hakuna barua."

"Amesema. Alikuja kusali misa jana?"

"Hakuja. Wala leo. Jongo linamsumbua, amesema." Padri aligeukia altare. "Miaka sita ninamhudumia, Hakimu. Mwaka juzi alibebwa na watu wanne kwenye kiti asikose misa. Mbele ya Mfalme anabaki na kofia yake, lakini hapa huivua kama sisi wote, tena huwa wa kwanza."

"Huivua," alirudia Oyarzún.

"Mbele ya Mungu? Ungefanyaje?"

*

Stoo ya makaa ilikuwa chini ya ngazi, haina dirisha ila tundu la chuma la kumwagia makaa kutoka barabarani. Ambrose Tilley alikuwa amesimama chini ya tundu hilo, uso umepakazwa weusi, akisikiliza nje. Alikuwa Mwingereza wa miaka hamsini na kitu, na Kihispania chake cha miaka tisa ya kulinda lango kilijaa matusi ya watu wa farasi, kwa kuwa hao ndio waliomfundisha.

"Mke wangu yuko hapo nje, bwana," alisema bila kugeuka. "Joan. Namjua kwa kikohozi chake. Amesimama hapo tangu jana."

"Ambrose, nisikilize. Jumanne ulimfungulia nani lango kabla ya chakula cha mchana?"

"Muuza samaki. Mwanamke wa mayai. Yule Mflandi anayeuza jibini."

"Mflandi gani?"

"Yule wa mji wa Bruges, ng'ambo ya bahari." Ambrose aligeuka. "Ananiletea kasha la jibini, nami nalipeleka juu kwa balozi, mkononi kwake, si kwa msimamizi wala mpishi. Ndivyo nilivyoamriwa tangu mwaka jana. Jibini lenyewe halifiki jikoni hata kipande." Akapepesa macho. "Mimi si mjinga, bwana. Kasha linanuka jibini lakini uzito wake ni wa karatasi."

Oyarzún alikaa juu ya rundo la makaa bila kujali nguo zake. "Kwa nini hukusema haya Jumanne?"

"Hakuna aliyeniuliza. Waliniuliza kisu tu. Kisu changu cha mkate! Niliwaambia nimekiacha mezani, nikaenda kumshika farasi wa yule mwanamke wa mayai, niliporudi hakipo. Wakanipiga mdomoni." Akatazama juu kwenye tundu. "Ni saa ngapi, bwana?"

"Imebaki saa moja."

"Watanichinja kama nguruwe. Nilishaona wakimfanyia padri mmoja. Naogopa, bwana. Sioni haya kusema."

"Hata mimi naogopa," alisema Oyarzún, na ilikuwa kweli.

Alipanda ngazi polepole, akijipangia mambo. Barua ya Mfalme ilikuja Jumanne katika kasha la jibini, ikiwa na jina la karani. Balozi aliipeleka mwenyewe. Sasa iko wapi? Mtu mwingine yeyote angeichoma moto, kesi ikaishia hapo. Lakini Don Fadrique alizaliwa katika nyumba ambayo barua za Mfalme huwekwa kwenye sanduku moja na mifupa ya watakatifu. Angeweza kuua mtu kabla chakula hakijashuka tumboni, akapaka damu kisu cha bawabu na kurudi kulala, ila kutia motoni karatasi yenye sahihi ya Mfalme, huo mkono usingemtii. Barua ilikuwepo bado. Haikuwa kitandani, kwenye masanduku, wala nyuma ya picha. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo hakuna aliyethubutu kupekua.

Na kama amekosea? Ndani ya nyumba hii balozi ndiye sheria. Nje ni Maddock. Saa sita lango lingeweza kutoa watu wawili badala ya mmoja, na barua yoyote ya malalamiko kwenda Valladolid ingepitia kwenye kasha la jibini la Don Fadrique.

*

Aliingia chumbani kwa balozi na mashahidi wawili nyuma yake, Don Bermudo na Padri Crispín. Don Bermudo alikuwa akinusa hewa.

"Jana nilisema," alimnong'oneza padri. "Humu mnanuka jibini. Nikaambiwa ni njaa yangu."

"Mmekuja wengi," alisema Don Fadrique. Bado alikuwa kitini, mguu juu ya mto, kofia kichwani. "Bawabu yuko tayari?"

"Bado, Mtukufu. Nimekuja kuandika maelezo yako."

"Yangu?"

"Kila mwenye jina humu ndani ameshaandikisha. Umebaki wewe peke yako, na nikipeleka jalada lenye pengo nitaulizwa."

"Andika kwamba nilikuwa nimelala."

"Nitaandika. Lakini kwanza hii." Oyarzún alitoa hati.

"Iweke hapo mezani."

"Haiwekwi mezani, Mtukufu. Unajua inakowekwa."

Don Fadrique alimtazama Oyarzún, kisha padri, kisha msimamizi wake wa miaka kumi na tano, aliyekuwa akitazama sakafu kwa bidii. Kukataa hati ya Mfalme mbele ya mashahidi, tena mmoja wao kasisi, lilikuwa jambo ambalo mtu wa ukoo wake hakuwa na hata neno la kulitaja.

"Niliipokea ulipofika," alisema.

"Nilipofika ulikuwa mwenyeji wangu. Leo ni shahidi. Simama, Mtukufu."

Akasimama. Alisimama kwa miguu yote miwili, imara, na mto ukaanguka bila mtu kuuangalia. Alinyanyua mkono, akashika kofia kwa ukingo, akaivua taratibu bila kuigeuza, kama mtu anayebeba bakuli lililojaa. Hakuiweka kitini. Aliibana chini ya kwapa la kushoto, akapokea hati kwa mikono miwili, akaibusu.

Halafu akakwama.

Oyarzún alingoja. Nje kapteni alikuwa akiwapangia askari wake kitu kwa sauti kubwa.

"Kichwani, Mtukufu," alisema.

Mikono ikapanda. Hakukuwa na njia nyingine ya kuipandisha. Kwapa likafunguka, kofia ikaanguka, ikabiringika mpaka kwenye kiatu cha padri, na ndani yake, kwenye bitana, ikachomoza pembe ya karatasi nyeupe yenye lakiri nyekundu.

Don Fadrique alibaki vilevile, mikono juu ya kichwa, macho chini, mbavu wazi.

"Ndivyo alivyosimama Quirós," alisema Oyarzún.

Padri Crispín aliinama kwa taabu, akachomoa barua na kumpa. Ilinuka jibini. Nje iliandikwa jina la Toribio Quirós. Muhuri ulikuwa umemeguka ukingoni, lakini haukuvunjwa.

"Hukuifungua," alisema Oyarzún. Alikuwa ametarajia kila kitu isipokuwa hicho.

"Haikuandikwa kwangu," alijibu Don Fadrique kwa heshima iliyoumizwa. Aliishusha mikono. "Unanichukulia kuwa mtu wa namna gani?"

Don Bermudo alitoa sauti kooni.

"Nilimpelekea mwenyewe. Nilimwambia aifungue mbele yangu. Alivua kofia, akaibusu, akaiweka kichwani, halafu akaniambia ataisoma akiwa peke yake. Karani! Mfalme anamwandikia karani wangu kupitia mlangoni kwangu, bila mimi!" Sauti ilimpanda. "Nimewaahidi Waingereza ndoa ya binti wa Mfalme wetu. Sikuwa na idhini. Ingekuja, nilijua ingekuja, nilihitaji mwaka mmoja tu. Na kila neno aliliandika yeye kwa mkono wake. Nani mwingine angenisema kule kwa Mfalme? Mfalme hawaandikii makarani!"

"Huwaandikia kila siku, Mtukufu. Wanamletea rundo, anatia sahihi."

Mwenye barua hakuwapo tena, na hakimu alikuwa na mamlaka. Oyarzún alivunja muhuri akasoma kwa sauti.

"'Mimi Mfalme. Kwa Toribio Quirós, karani katika nyumba ya balozi wetu London. Tumeliona ombi lako, uliloleta mara tatu, kwamba mama yako ni mjane na mzee na hana mtoto mwingine wa kumtunza. Tunakuruhusu kuacha kazi hiyo na kurudi kwenu Cangas mara upatapo barua hii, na tunaamuru asikuzuie mtu yeyote.'"

Akashusha karatasi.

"Soma iliyobaki," alisema Don Fadrique.

"Imekwisha."

"Geuza nyuma."

Oyarzún aligeuza, akamwonyesha. Nyuma palikuwa peupe. Don Fadrique aliitazama nafasi ile nyeupe kwa muda mrefu, midomo ikitembea kana kwamba anasoma. Kisha akaketi, na ilionekana wazi kwamba hakujua tena mikono yake aiweke wapi.

Kengele ya kanisa ikaanza kulia saa sita, na mkuki ukagonga lango.

"Don Bermudo, chukua kisu cha balozi," alisema Oyarzún. "Hatoki chumba hiki mpaka Mfalme aseme. Padri, kaa naye."

Don Bermudo alikichukua. "Na Waingereza? Huyu hatuwezi kuwapa, ni balozi. Bawabu tusipowapa, tutakula nini?"

"Sijui."

"Watatufungia humu mpaka tufe!"

"Nipe funguo za lango," alisema Oyarzún.

*

Ambrose alikuwa amesimama katikati ya stoo, amejifuta uso kwa shati kadiri alivyoweza. Mlango ulipofunguka alinyoosha mikono yake miwili mbele ili ifungwe.

"Nimesikia kengele, bwana," alisema. "Naomba nipitishwe upande wa kushoto. Joan yuko upande huo."

Oyarzún aliweka shada la funguo juu ya mikono ile. Ambrose aliziangalia, hakuzishika, zikaanguka kwenye makaa. Ikabidi hakimu aziokote na kumfunga vidole juu yake kimoja kimoja.

"Nenda langoni kwako. Mwite mkeo kwenye tundu la lango, mwambie umekula, hata kama ni uongo. Maddock akigonga, usifungue."

"Atauliza nani anatoka. Nimwambie nini?"

Oyarzún alikuwa bado ameshika barua. Aliikunja mara nne kwa mikunjo yake ileile na kuitia kifuani, aende kuiweka mahali pake, mikononi mwa Quirós mwenyewe.

"Mwambie mwenye ruhusa ya kutoka humu ndani alikuwa mmoja tu," alisema, "naye amelala kanisani."